Mjamzito na sikio: Rangi ya kidonge si jina la dawa

Na Mwandishi Wetu, Rusumo

MAUMIVU ya sikio hayana adabu. Jino likiuma utatafunia upande wa pili, mguu ukiuma utakaa chini. Lakini sikio likianza kupwita usiku wa manane, hakuna upande wa kulalia wala neno la kumfariji mtu. Nayasema haya kwa kuwa yalinipata mwenyewe mwaka 2018, nikiwa na mimba ya miezi mitano, tena nikiwa ng'ambo ya daraja, Benako, na magunia manne ya mchele ambayo yalikuwa hayajapata gari.

Wakati huo nilikuwa sijaanza kuandika habari za mpakani. Nilikuwa mmoja wa kina mama mnaowaona kila alfajiri pale Rusumo, kitenge kiunoni, pesa zimefungwa kwenye pindo, wakienda Tanzania na kurudi. Nchi ile ninaijua. Nilikulia Karagwe na kurudi Rwanda mwaka 2013 pamoja na wengine wengi waliorudishwa mwaka ule. Kwa hiyo nilipoingia kwenye duka la dawa kando ya barabara ya Benako sikujiona mgeni hata kidogo.

Nilikuwa na mafua ya juma zima. Kwanza sikio la kushoto liliziba, kama mtu aliyepiga mbizi mtoni. Siku ya pili likaanza kuvuma. Siku ya tatu, jioni, maumivu yakaingia kama msumari. Kijana wa duka akanikaribisha vizuri, "Karibu dada, shida nini?" Nikamwonyesha sikio. Hakuniuliza kama nina mimba, nami sikumwambia. Kitenge kilikuwa kimeficha tumbo, na akili yangu yote ilikuwa sikioni.

Akafungua kopo, akamimina vidonge vya rangi mbili juu ya karatasi, akahesabu kumi na vitano, akavitia kwenye bahasha ndogo isiyoandikwa kitu. Bahasha ya pili akatia vidonge vya maumivu, diklofenaki. Akaongeza na kichupa cha matone. Nikatoa shilingi elfu sita za Tanzania, nikashukuru.

Kwetu Karagwe "rangi mbili" ilikuwa dawa ya kila kitu. Kidonda, rangi mbili. Tumbo, rangi mbili. Hata kuku akizubaa kuna mtu angepasua rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye maji ya kuku. Usiku ule nilimeza diklofenaki mbili, maumivu yakapungua, nikalala.

Aliyeniamsha macho ni bibi mwenye nyumba niliyokuwa napanga kitanda. Mama huyo katika ujana wake aliwahi kufanya usafi kwenye wodi ya wazazi, na mambo ya wodi yalimbaki kichwani. Asubuhi alinikuta nimeshika kidonge cha rangi mbili mkononi na kikombe cha uji.

"Mwanangu, hiyo inaitwaje?"

"Rangi mbili, bibi."

"Hiyo ni rangi. Nimekuuliza jina."

Sikuwa na jina la kumpa. Akaniambia nisimeze hadi nipate mtu wa kulisoma. Nikaacha mchele kwake, nikavuka daraja kurudi nyumbani.

Muuguzi alisoma herufi ndogo

Kwenye kituo cha afya cha upande wetu nilikuwa na aibu mbili. Ya kwanza, sikuwa nimelipa mchango wa mitiweli wa mwaka ule. Mwaka wa mitiweli huanza mwezi wa saba, na mwezi wa saba pesa yangu yote ilikuwa ndani ya mchele. Basi nikalipa taslimu, na ilikuwa zaidi ya mara moja. Ya pili ilikuwa lugha. Kinyarwanda changu ni cha nyumbani, cha kusalimia wazee na kuitia watoto. Sikio nilijua kulitaja, ugutwi, lakini maneno mengine ya hospitali sikuwa nayo. Nikawa naonyesha kwa vidole. Muuguzi akanitazama akacheka, akasema kwa Kiswahili safi, "Mama, sema tu, mimi nimesomea Ngara."

Jambo la kwanza hakugusa sikio. Alipima joto, likawa nyuzi 38.4. Akachukua damu ya kupima malaria, kwa sababu, alisema, mjamzito mwenye homa hupimwa malaria hata kama yeye mwenyewe ana hakika kwamba homa imetoka sikioni. Hayakuonekana malaria. Akapima shinikizo la damu na mkojo, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Ndipo akaleta kile chombo chenye taa na kuchungulia ndani ya sikio, la zima kwanza, halafu la kuuma. Kiwambo cha sikio kilikuwa chekundu na kimetuna. Yale yalikuwa maambukizi ya sikio la kati.

Kisha akaomba bahasha zangu. Akakigeuza kidonge kwenye mwanga wa dirisha na kusoma herufi ndogo zilizochapwa ubavuni. Tetrasaiklini.

Nataka wasomaji waelewe kwa nini uso wake ulibadilika. Tetrasaiklini, pamoja na ndugu yake doksisaiklini, hushikana na chokaa ya mifupa na meno yanayoumbika. Mama akiimeza mimba ikiwa imefika katikati, meno ya mtoto yanaweza kuota na rangi ya njano au kahawia isiyosuguliwa ikatoka. Kwa wingi inaweza pia kuumiza ini la mama. Nami nilikuwa na miezi mitano, ndio wakati wenyewe. Vidonge vya rangi mbili viko vya namna nyingi. Amoksilini huja kwa rangi mbili, ampisilini vilevile, na tetrasaiklini hali kadhalika. Ukimwambia muuzaji "nipe rangi mbili", umemwachia yeye achague.

Kwa nini masikio ya wajawazito

Nilimwuliza kama mimba ndiyo imeniletea ugonjwa. Jibu lake lilikuwa la kati na kati. Kutoka nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaopeleka hewa hadi sikio la kati. Mimba huvimbisha ngozi laini ya pua na koo, ndiyo maana wajawazito wengi hukoroma na kuziba pua bila hata mafua. Mafua yakija juu ya hali hiyo, mrija huziba, majimaji hutuama nyuma ya kiwambo, na vijidudu hupata mahali pa kuzaliana. Kuna pia ugonjwa wa njia ya nje ya sikio, ule unaouma ukivuta au kugusa sikio, ambao mara nyingi huletwa na maji au na watu wanaochokoa masikio kwa njiti, pini na vifuniko vya kalamu. Kwa macho ya nje magonjwa haya mawili huwezi kuyatofautisha, na matibabu yake si yaleyale.

Ugonjwa wa sikio wenyewe haushuki tumboni kwa mtoto. Vinavyomfikia ni homa kali ya mama na dawa anazomeza mama. Kwa hiyo, kuogopa dawa zote na kuvumilia homa siku kumi nako si usalama. Wapo kina mama wanaofanya hivyo kwa kudhani wanamlinda mtoto, na usaha ukaachwa ukatafuta njia kuelekea mfupa ulio nyuma ya sikio.

Niliandikiwa amoksilini, miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku saba. Kipimo hicho kilikuwa changu, kwa ugonjwa wangu. Asikinakili mtu. Dawa za jamii ya penisilini zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi na zinahesabiwa kuwa salama katika miezi yote ya mimba. Vilevile dawa za jamii ya sefaleksini. Ukinunua Burundi au Kongo utakuta jina limeandikwa kwa Kifaransa na herufi "e" mwishoni. Dawa ni ileile. Lakini aliyewahi kuvimba uso, kutoka vipele au kubanwa kifua baada ya penisilini aseme kabla hajaandikiwa, kwa sababu amoksilini na ampisilini ni watoto wa ukoo huo. Mtu huyo ana dawa nyingine, kama erithromaisini au azithromaisini, na ni mganga wa kumchagulia. Hata erithromaisini ina aina moja, ile ya estoleti, ambayo wajawazito hawapewi kwa ajili ya ini.

Kuhusu zile diklofenaki mbili nilizokwisha kumeza, muuguzi alinituliza. Vidonge viwili vya usiku mmoja si vya kulilia, alisema, ila nisiongeze. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu ni za kundi moja. Mimba ikikua, zinaweza kupunguza mkojo wa mtoto, na hivyo maji ya uzazi yakapungua. Katika miezi ya mwisho zinaweza kufunga kabla ya wakati mshipa ambao moyo wa mtoto hutegemea akiwa tumboni. Mwezi Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuwa dawa hizo zisitumiwe kuanzia wiki ya 20 bila ushauri wa daktari. Wapo wajawazito wanaopewa aspirini ndogo kliniki ili kuzuia shinikizo la damu. Hiyo ni habari nyingine, wasiiache kwa sababu ya makala hii.

Kwa maumivu nilipewa parasetamoli. Vidonge vya miligramu 500, kimoja au viwili, kisha kusubiri saa sita, na visizidi vinane kwa siku nzima. Hapa pana mtego ambao wafanyabiashara tunauingia sana, nao ni dawa za mafua za pakiti. Nyingi zina parasetamoli ndani yake. Mtu anameza pakiti ya mafua, halafu juu yake parasetamoli, asijue kwamba amekunywa kitu kimoja mara mbili. Aidha, baadhi ya dawa hizo zina kemikali ya kuzibua pua inayobana mishipa ya damu, na si za mjamzito kujinunulia.

Mwezi Septemba 2025 maneno yalitoka Marekani, kwa kiongozi wa nchi hiyo, kwamba parasetamoli kwa wajawazito inaleta usonji kwa watoto. Habari hiyo ilifika hadi soko la Nyakarambi kwa simu za mkononi, na nikakutana na mama aliyekuwa akitetemeka kwa homa lakini amekataa kidonge. Shirika la Afya Duniani lilijibu mwezi huohuo kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi wa kuthibitisha jambo hilo. Inabaki kuwa dawa ya kwanza ya maumivu na homa kwa mjamzito, kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache.

Septrini nayo isisahaulike, maana inauzwa kila kona. Katika miezi mitatu ya mwanzo inapingana na foliki asidi, ile ambayo kliniki hutupatia kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto, na karibu na kujifungua inaweza kumwongezea mtoto manjano. Lakini mama mwenye virusi vya ukimwi aliyeandikiwa septrini kila siku asiiache kwa kusikia maneno ya jirani au ya gazeti. Aseme tu kwamba anaitumia, hasa akivuka kwenda kliniki ya Tanzania ambako wajawazito hupewa dawa ya kukinga malaria ya SP. Zote mbili zina salfa na hazipaswi kuchanganywa.

Mafuta ya mama mkwe

Nyumbani nilimkuta mama mkwe amekwisha kusikia. Nampenda mama huyu. Alikuwa amechemsha mafuta na kitunguu saumu, amepooza kidogo, ameshika kijiko. Wengine jirani walisema maziwa ya mama anayenyonyesha, wengine mkojo wa mtoto. Nikamwambia kwa heshima, "Mama, muuguzi amekataza kutia kitu mpaka aone kama kiwambo ni kizima." Alinuna siku mbili. Mume wangu naye alikuwa na hesabu zake, kwamba shilingi elfu sita zimetupwa, na kwa nini nisimalize kwanza zile nilizonunua.

Usiku wa tatu wa amoksilini nilihisi kitu kimepasuka. Maumivu yakakatika ghafla, mto ukalowa usaha wenye damu kidogo. Niliogopa sana, nikadhani sikio limekufa. Kesho yake muuguzi akaeleza kwamba kiwambo kimetoboka kwa msukumo wa usaha, jambo linalotokea mara nyingi, na kwamba matundu mengi ya namna hiyo huziba yenyewe kwa muda wa wiki kadhaa, mradi sikio likae kavu.

Ndipo nilipoelewa kwa nini alikataa mafuta, na kwa nini alikuwa ameweka pembeni kile kichupa cha matone cha Benako. Kilikuwa jentamaisini. Dawa za ukoo huo zinaweza kuua mishipa ya kusikia zikipita kwenye tundu na kufika sikio la ndani. Ndugu yake, streptomaisini ya sindano, iliyotumika sana zamani kwa kifua kikuu, inajulikana kuharibu usikivu wa watoto wakiwa bado tumboni. Nikayakumbuka mafuta ya kijiko, nikashukuru kwamba mama mkwe alinuna tu.

Akanifundisha kukausha sikio kwa utambi. Unachukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, unakisokota kiwe na ncha, unakiingiza taratibu, unaacha kinyonye, unakitoa, unaweka kingine, hadi kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti cha kiberiti kilichofungwa pamba, kwa sababu pamba hubaki ndani. Kuoga nilikuwa nikiziba mlango wa sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka.

Siku saba zikaisha, homa ikaondoka, lakini usaha uliendelea kidogo kidogo. Ulipofikisha siku kumi na nne nilirudi bila kusubiri, kama nilivyoelekezwa, kwa kuwa sikio linalotoa usaha wiki mbili au zaidi huhesabiwa kuwa sugu na hutibiwa vingine. Nikapelekwa hospitali. Daktari akaandika matone ya siprofloksasini. Hapo nilimbishia, maana nilikuwa nimesikia kwamba vidonge vya siprofloksasini wajawazito huepushwa navyo. Akakubali kuwa ni kweli kwa vidonge. Matone ya sikioni, alisema, huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, na hayana ubaya wa jentamaisini kwenye kiwambo kilichotoboka. Ndani ya siku kumi sikio lilikauka.

Kuna hali ambazo hazisubiri wiki mbili wala siku mbili. Uvimbe au maumivu nyuma ya sikio hadi sikio linasukumwa mbele, uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu cha kuangusha, shingo kukakamaa, kichwa kuuma kupita kiasi, homa isiyoshuka baada ya siku mbili za dawa. Na kwa mjamzito ongeza kutokwa na damu, macho kuona ukungu, au mtoto kupunguza kucheza. Mwenye moja ya hayo na avuke daraja lililo karibu naye, liwe la nchi gani, aende hospitali.

Kuhusu maduka, lazima niwe mkweli. Tanzania ina Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, ambao wauzaji wake hupewa mafunzo na duka hubandikwa alama yake. Nimeingia mengi tangu wakati ule na mara nyingi muuzaji ndiye ameniuliza mimi, "Dada, una ujauzito? Unanyonyesha?" Duka nililoingia siku ile halikuwa na alama yoyote. Niliingia kwa sababu lilikuwa karibu na magunia.

Siku hizi nikivuka, kadi ya kliniki iko kwenye mkoba pamoja na hati zangu, hata kama sina mimba, maana nyuma yake niliandika kwa kalamu majina ya dawa niliyotumia. Wenzangu huinakili. Mmoja wao, mwenye biashara ya vitenge, alinipigia simu kutoka Kabanga mwezi uliopita, ana mimba ya miezi saba na sikio linavuma. Nikamwuliza amepewa nini. Akasema, "Vyekundu na vyeusi." Nikamwambia avirudishe dukani na aombe jina. Alipopata jina, ilikuwa amoksilini. Hata hivyo alikwenda kituo cha afya, na huko wakamkuta na malaria pia.

Binti yangu alizaliwa salama, kilo tatu na gramu mia mbili, na meno yake yameota meupe. Sikio langu la kushoto linasikia, ingawa kwenye simu bado napendelea la kulia. Zile bahasha mbili na kichupa nilimwachia muuguzi aziteketeze. Mume wangu hadi leo, tukihesabu mtaji wa mchele, huzitaja zile shilingi elfu sita.